Wadogo zangu wa wodini, kaptoprili siyo ya presha tu

Wadogo zangu mlioanza intanshipu hapa Mbeya, kwenye raundi nimekuta tena faili la MI (shambulio la moyo, sehemu ya msuli imekosa damu ikafa) ya ukuta wa mbele, aspirini ipo, statini ya kolesteroli ipo, halafu kwenye kaptoprili mtu kaandika "presha iko sawa, haihitajiki". Jamani, hapana!

1. Msisubiri presha ipande. Msuli wa moyo ukishakufa, uliobaki unabeba kazi yote, figo zinamwaga renini (kichocheo kinachoanzisha kubana kwa mishipa), mishipa inabana, chemba ya kushoto inatanuka taratibu. Kaptoprili inakata mlolongo huo, ndio maana tunaianza ndani ya saa 24 mgonjwa akishatulia, hasa ukuta wa mbele au EF (asilimia ya damu ambayo chemba ya kushoto inasukuma kila pigo) 40 kushuka. Utafiti wa SAVE wa 1992 ulichukua watu 2,231 wa EF hizo, wasio na dalili za wazi za moyo kushindwa, na kaptoprili ikapunguza vifo kwa asilimia 19.

Kuna mzee wa Chunya simsahau. Alilazwa hospitali moja, alifika amechelewa, saa za kuyeyusha bonge zimepita, kifua kikatulia, presha 110 kwa 70, EF 35, anatembea mwenyewe hadi bafuni, kila mtu akafurahi akaruhusiwa, na kila aliyeshika faili aliangalia presha akapita. Miezi kadhaa baadaye karudi amekaa wima siti ya nyuma ya Noah, kulala hawezi, miguu imejaa hadi magotini. Binti yake akatoa mfuko wa pakiti tupu, akasema baba hajaruka dozi hata moja. Na ilikuwa kweli, maana ile iliyokosekana, kaptoprili, hakuna aliyemwandikia, dawa ya bei ndogo kabisa. Iliniuma sana.

2. Anza kaptoprili miligramu 6.25, pima presha, panda taratibu. Sistoli (namba ya juu ya presha) chini ya 100, subiri kwanza. Kupima kriatinini (ya figo) na potasiamu msisahau.

3. Kabla ya beta-bloka (dawa za kupunguza kasi ya moyo), sikiliza mapafu kwanza kama yana maji. Kwenye utafiti wa COMMIT wa Uchina, 2005, metoprololi, mojawapo ya dawa hizo, ikitolewa mshipani mapema iliongeza shoki (moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha mwilini). Mikono ya baridi ni dalili ya shoki, ila mwezi wa sita hapa kila mtu anayo, kwa hiyo shika na magoti, uliza kama mkojo unatoka.

4. Anayerudi Makete au Kyela, mwambie yeye na ndugu yake kwamba kaptoprili inalinda moyo, asiache kwa sababu kapimwa presha ikaonekana nzuri. Akipata kikohozi kikavu, ambacho dawa hii inaweza kuleta, asikae nacho kimya, aje tumbadilishie losatani.