Orijino au toleo jipya? Maswali ya santuri kutoka Nyanda za Juu

Wiki iliyopita niliandika kwamba neno "orijino", yaani nakala ya toleo la kwanza, kwenye tangazo la muuzaji wa santuri ni kipimo cha bei, si kipimo cha sauti. Wapo waliokasirika. Wengine wameleta maswali, na hao ndio ninaowajibu leo.

Shikamoo mzee. Baba yangu aliacha santuri ya bendi ya Zambia ya miaka ya sabini, aliinunua Kitwe akiwa fundi wa TAZARA. Mwaka huu nimeletewa toleo jipya la albamu hiyohiyo kutoka Ulaya. Jipya lina besi na linapiga kwa nguvu, la baba linakwaruza na sauti yake ni ya chini. Kwa hiyo jipya limeshinda? (Soweto, Mbeya)

Marahaba. Bado halijashinda, maana hujazishindanisha kwa haki. Sikio likipewa sauti mbili zinazokaribiana, hupendelea ile iliyo juu kidogo, hata tofauti ikiwa desibeli moja tu. Mwenye sikio hatasema "hii iko juu". Atasema ina besi, ina uhai, ina nafasi. Punguza volyumu ya jipya mpaka zilingane pale mwimbaji anapoimba peke yake, kisha mwombe mtu akubadilishie sahani wewe ukiwa umegeukia ukuta. Nimeona watu wenye misimamo mikali wakibadili mawazo kwa zoezi hilo tu.

Baada ya hapo, uliza jipya limetokana na nini. Zambia ilikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri Ndola, cha Teal, na sehemu kubwa ya muziki unaoitwa Zamrock, roki ya Zambia ya miaka ya sabini, ilipitia hapo kwa idadi ndogo. Kanda mama, yaani utepe wa kwanza wa studio, nyingi zilipotea baadaye. Anayetaka kuitoa albamu upya leo ana njia mbili. Akipata kanda, anachonga mtaro wa sahani mpya kutoka kwenye kanda. Akiikosa, anatafuta santuri safi kuliko zote anazoweza kuazima, anaipiga, anairekodi kwenye kompyuta, anafuta mikwaruzo na kuichonga upya. Njia ya pili si dhambi, ila mikwaruzo na matoazi vinakaa jirani mno kwenye sauti, na programu ikifuta kimoja huondoka na kipande cha kingine. Sikiliza matoazi ya mpiga ngoma. Yakitoa mlio wa maji yanayomwagika badala ya chuma kinachogongwa, mtu amefuta kupita kiasi.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wengi. Albamu ya bendi ya Zamrock ya Amanaz ya 1975, *Africa*, ina michanganyo miwili ya sauti, mmoja mkavu na mwingine uliojaa mwangwi. Kampuni ya Now-Again ya Marekani ilipoitoa upya iliweka yote miwili. Mwenye mmoja akiulinganisha na mwingine halinganishi ufyatuaji hata kidogo. Anasikiliza kazi mbili za studio, halafu anailaumu plastiki.

Sasa ya baba. Kelele za vumbi zisikutishe. Kinachoua santuri ni sauti inayopasuka mwimbaji anapopandisha, hasa kwenye wimbo wa mwisho wa upande. Mashine za kupigia santuri za majumbani za wakati ule nyingi zilikuwa na sindano za kerameki zilizoukandamiza mtaro kwa gramu 5 na zaidi, wakati sindano nyingi za leo hutaka gramu 1.5 hadi 2.5. Tena kwenye LP, ile sahani kubwa ya albamu, mtaro wa nje hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimeta 51 hivi kwa sekunde, na ule wa ndani karibu na lebo kwa sentimeta 21 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika hata nusu, kwa hiyo wimbo wa mwisho huanza ukiwa na deni, na sindano nzito huumalizia. Pima hapo. Kama wimbo wa mwisho wa ya baba haupasuki, mimi ningebaki nayo na lile jipya ningewapigia wageni.

Muuzaji anasema toleo jipya ni la gramu 180, ndiyo maana ni ghali na sauti yake ni nzito. Kweli? (Mafinga)

Uzito wa sahani hauingii kwenye mtaro. Sahani nene haipindi kirahisi na inakaa vizuri mkononi, basi. Zipo santuri za gramu 120 zinazoimba vizuri kuliko hizo.

Kamwene! Mwezi wa saba santuri zangu zote, mpya na za zamani, zinasikika kali na sindano inaruka. Mwezi wa kumi na moja zinatulia zenyewe. Ninalogwa? (Njombe)

Kamwene. Hulogwi, unaishi Njombe. Ndani ya katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, kijiti cha sindano kinashikiliwa na kipande kidogo cha mpira, na mpira ukipata baridi hukakamaa. Watengenezaji huzipima katriji kwenye joto la nyuzi 20 na kidogo. Sebule ya Njombe usiku wa Julai haifiki huko mpaka kuwe na jiko. Grisi ya mota nayo huganda, sahani ikachelewa kupata kasi. Washa mashine izunguke robo saa bila sindano, pasha chumba moto, na usiweke jiko la mkaa karibu na santuri, zitajikunja kama chapati. Na tafadhali, usinunue wala kuuza toleo lolote kwa hukumu uliyoitoa Julai.

Kaka, natafuta santuri orijino za Tancut Almasi. Kaseti ninazo, lakini nataka ile sauti yenyewe ya mwanzo. (Kihesa, Iringa)

Umeigusa bendi ya nyumbani kwenu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tanzania ilikuwa na bendi nyingi na haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Kazi za miaka ya sitini na sabini, zikiwemo za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zilifyatuliwa Nairobi, nyingi kwenye sahani ndogo za RPM 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa na haukufunguliwa hadi 1983. Tancut ni bendi ya miaka ya themanini. Rekodi zao tunazozijua zaidi zilifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), zikaingia kwenye utepe, zikatufikia kwa mawimbi. Kanda za RTD leo ziko mikononi mwa TBC.

Kwa hiyo orijino unayoitafuta ni utepe. Kaseti yako, kama ilirekodiwa redioni enzi zile, imepitia masafa ya kati au mafupi, ambayo hukata sauti za juu kabla hazijafika Iringa. Gitaa la solo unalolijua ni gitaa lililofunikwa blanketi. Toleo jipya lililochukuliwa moja kwa moja kwenye kanda ya redio lina haki zaidi ya kuitwa orijino kuliko kaseti hiyo, hata kama lina mwaka mmoja tu tangu litoke. Najua hutapenda kusikia hivyo. Mtu akizoea blanketi, gitaa lililo wazi humkera kwa siku kadhaa.

Kwa bendi za kabla ya hapo, zile za RPM 45, angalia kitu kimoja. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B, na mara nyingi chemko, ile sehemu iliyochangamka ya kuchezea, ndilo lililobaki upande wa pili. Toleo jipya likikupa wimbo mzima bila kufifia katikati, kuna aliyepata kanda. Ukisikia sauti ikififia katikati na kurudi, au tabia ya kelele ikibadilika ghafla, wameunganisha pande mbili za sahani. Na kwa kuwa nyingi ya hizo ni za mono (sauti ya njia moja, si stirio), bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya kama unacho. Kelele zitapungua na muziki utabaki ulipo.

Nilisoma kwamba santuri mpya siku hizi zinapitia kompyuta. Si bora basi nisikilize kwenye simu? (Tunduma)

Julai 2022 ilibainika kwamba Mobile Fidelity ya Marekani, kampuni iliyosifika kwa santuri za bei kali zinazotoka kwenye kanda mama, tangu 2011 ilikuwa ikipitisha kazi zake nyingi kwenye faili za kidijitali kabla ya kuchonga. Iliishia mahakamani na kwenye makubaliano ya kuwafidia wateja. Wanunuzi walikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa waliuziwa kitu kwa maelezo mengine. Lakini wajuzi walioapa kwamba husikia dijitali hata wakiwa chumba cha pili walikuwa wamezisifu santuri hizo kwa miaka kumi.

Mimi dijitali hainisumbui. Kinachonisumbua ni jalada lililokaa kimya. Likitaja kanda iliyotumika na jina la fundi aliyechonga, kuna mtu ameweka jina lake rehani. Lisipotaja chochote, huenda wamechukua faili la CD wakalichonga, na hapo kweli simu yako inatosha.

Nimenunua mashine ya mtumba iliyotoka Marekani. Santuri za zamani na mpya zote zinakokota, waimbaji wote wamekuwa mabesi. Fundi ameniuzia transfoma, haijasaidia. (Makambako)

Transfoma hushusha volti, haigusi hezi, yaani idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50, na mota nyingi za zamani hufuata hezi. Mashine iliyotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inazunguka chini ya 28, na wimbo unashuka zaidi ya nusu-toni tatu. Hakiki mwenyewe: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, hesabu mizunguko kwa dakika 3. Ikiwa 100, iko sawa. Ikiwa 83 hivi, ndiyo hiyo. Dawa ni puli (kigurudumu cha mota kinachozungusha sahani) ya hezi 50, ambayo fundi wa lathe anaweza kuichonga iwe nene zaidi kwa sehemu moja ya tano. Mashine zenye mota ya DC hazina tatizo hili.

Santuri za babu zimeota ukungu. Nizifute na spiriti? (Tukuyu)

Kwanza tazama ni za aina gani. Zile nzito za RPM 78 zinazovunjika kama kigae ni za shelaki, na spiriti huiyeyusha shelaki, utafuta muziki. Za vinili zioshe kwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri (soma kopo uhakikishe si asidi), tone la sabuni ya vyombo na brashi laini kufuata mzunguko wa mtaro. Suuza, kausha zikiwa zimesimama. Mifuko ya karatasi ya ndani choma moto, ukungu umehamia humo. Mpaka umalize hayo, usilinganishe na toleo jipya lolote.

Nitajuaje niliyouziwa ni ya kwanza kweli? (Vwawa)

Usisome lebo wala jalada. Soma ule ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, kuna namba na alama zilizochorwa kwa mkono au kugongwa. Hizo hueleza sahani ilichongwa mara ipi na pengine na nani. Albamu ya pili ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, ya 1969 ina nakala zenye herufi RL, za fundi Robert Ludwig, zenye nguvu kiasi kwamba kampuni iliamua kuichonga upya kwa upole. Jalada moja, mwaka mmoja, sauti mbili, na bei mbalimbali kabisa. Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, mwombe muuzaji apige picha ya ukanda huo, tochi ya simu ikiwa imelazwa pembeni. Akikutumia picha ya jalada kwa mara ya pili, tafuta muuzaji mwingine.