Je, ofisi yetu ndogo ikubali kazi ya Mtumba?

SWALI: Sisi ni ofisi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi (wanaokokotoa gharama za ujenzi) hapa Dodoma, wataalamu sita. Wateja wetu ni watu binafsi, hasa wenye hosteli za wanafunzi na nyumba za kupangisha. Kampuni kubwa ya Dar es Salaam imetualika tuingie chini yake katika jengo la ofisi za umma huko Mtumba, eneo la Mji wa Serikali hapa Dodoma, na sehemu yetu ya ada ni shilingi milioni 180. Wakurugenzi wawili wanataka, wa tatu hataki. Tuamueje?

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni na tarehe za malipo, kiasi mtakijadili baadaye. Tuseme wataalamu watatu watashikwa na kazi hiyo muda wote, na gharama yao, pamoja na pango, mafuta ya gari na uchapaji wa michoro, ni milioni 9 kwa mwezi. Tuseme pia mkataba unatoa asilimia 20 ya ada, yaani milioni 36, michoro ya awali ikishakubaliwa. Michoro ikichukua miezi mitatu, mteja akaipitia kwa mwezi mmoja, na ankara ikazunguka miezi miwili kabla ya kuwafikia kupitia kampuni kiongozi, mtakuwa mmetumia milioni 54. Mtakachopokea ni milioni 34.2, kwa kuwa kodi ya zuio ya asilimia 5 hukatwa kwanza, hata kama baadaye itahesabiwa katika kodi yenu ya mapato. Pengo hilo la karibu milioni 20 litazibwa na nani? Kama ni mkopo wa benki, riba yake iingizeni kwenye hesabu leo.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ofisi nyingi zimevutiwa na kazi za umma, na si kosa. Ila mwenye hosteli, pamoja na ubishi wake wa bei, hulipa kidogo kidogo na kwa haraka, na ndiye anayebeba mishahara yenu. Mkimwacha miezi sita, atakuwa ameshapata mtu mwingine.

Jambo la pili ni usimamizi wa ujenzi. Niliwahi kusaini mkataba wa ada isiyobadilika kwa usimamizi wa miezi 12. Mkandarasi akachelewa, nasi tukahudhuria vikao vya eneo la ujenzi miezi minane zaidi bila kulipwa senti. Kwa hiyo ombeni kifungu kinachotaja ada ya kila mwezi pale muda unapozidi bila kosa lenu.

Yule mkurugenzi wa tatu msimshinde kwa kura. Mwombeni aandike, kwa ukurasa mmoja, ni nini kingemfanya akubali. Hofu ikishaandikwa huwa sharti la kujadiliana.

Kwa maoni yangu, kubalini mkiwa na akiba ya gharama za miezi sita, na kampuni kiongozi ikikubali kwa maandishi kuwalipa ndani ya siku zinazotajwa baada ya yenyewe kulipwa. Sharti la pili likikataliwa, ombeni ukadiriaji peke yake: utawashika watu wawili badala ya watatu, na meza moja itabaki kwa ajili ya wenye hosteli.