Kabla hujaishika tupa: mafunzo ya mwanzo kwa fundi wa propela

Ichukulie kila propela kuwa inaweza kuanza kuzunguka wakati wowote, hata ndege ikiwa imelala usiku kucha na betri imetolewa. Magneto, kifaa cha kuwashia injini, hutengeneza cheche yenyewe inapozungushwa. Kinachoizima ni waya unaotoka kwenye swichi na kuitia ardhini, yaani kuiunganisha na chuma cha injini, na waya huo ukikatika swichi itasema imezimwa huku magneto ingali hai. Hapo kusogeza panga la propela kidogo kwa mkono kunatosha kuwasha silinda iliyobakiwa na mvuke wa mafuta. Kwa hiyo toa funguo na uziweke pale kila mtu anapoziona, funga mafuta kwenye mkono wa kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa, weka kabari kwenye magurudumu, na kaa nje ya duara la mapanga kila inapowezekana.

Kagua propela ikiwa safi. Ioshe kwa sabuni laini, maji na kitambaa, panga unaloosha likielekea chini ili maji yasitiririke kuingia kwenye kitovu, sehemu ya katikati inayoshika mapanga. Usipige maji ya presha kwenye sili (vizuizi vya uvujaji) za shina la panga, kwani maji yakishaingia hayatoki kirahisi, na kutu huanzia mahali usipopaona. Ndege inayofanya kazi karibu na bahari ioshwe mara nyingi zaidi kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Usiyang'arishe mapanga ya alumini ili yapendeze, isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kimeruhusu. Rangi na tabaka la kinga ndivyo vinavyozuia kutu, na kila unapong'arisha unapunguza unene wa panga.

Sasa pitisha ukucha polepole kwenye ukingo wa mbele, kutoka shina hadi ncha. Ukucha hunasa jeraha ambalo jicho hulipita. Sehemu ya nje ya panga, karibu na ncha, ipe muda zaidi: ndiyo inayokimbia kwa kasi kubwa kuliko zote na ndiyo inayopigwa na mawe. Kisha kagua uso wa mbele na wa nyuma, pembezoni mwa stika na kwenye kingo za mipira ya kuzuia barafu, kwa sababu kutu ya vishimo hupenda kujificha hapo.

Mwanafunzi mpya huuliza kwa nini jeraha la milimita 1 lisimamishe ndege. Injini ikiwa kwenye nguvu kamili, kila panga huvutwa kwenda nje kwa nguvu inayoweza kufikia tani 10 na zaidi, na wakati huohuo linapindapinda na kutetema. Mkazo wote huo hukusanyika kwenye sehemu ya chini ya jeraha, kama pakiti ya plastiki inavyochanika kwa urahisi pale ilipokatwa kidogo. Ufa huanza hapo na kukua mzunguko baada ya mzunguko, hadi kipande cha ncha kinaruka. Propela iliyopoteza kipande hupoteza uwiano, na mtetemo unaofuata unaweza kuing'oa injini kwenye viungo vyake. Ndiyo maana usitazame ukubwa wa jeraha peke yake. Tazama umbo lake. Bonde pana lenye chini ya mviringo lina nafuu kuliko mkato mdogo wenye chini kali. Vivyo hivyo, mkwaruzo uliokata upana wa panga ni mbaya kuliko uliofuata urefu wake, maana mvuto unakwenda kwa urefu.

Jeraha kama hilo huondolewa kwa tupa laini, na kazi hiyo hufanywa na fundi mwenye leseni au chini ya macho yake. Kabla ya kusugua, pima upana na unene wa panga mahali hapo na ulinganishe na kiwango cha chini kilichoandikwa kitabuni. Ukishasugua huwezi kurudisha metali. Peleka tupa kwa kufuata urefu wa panga, usiivushe kwa upana. Bonde litakalobaki kwenye ukingo liwe na urefu usiopungua mara 10 ya kina chake: jeraha la milimita 1 linakuwa bonde la milimita 10 au zaidi. Ukingo ubaki na mviringo wake wa asili, usiwe bapa. Majeraha ya usoni yanahitaji bonde pana zaidi ya hilo, na vipimo vyake fuata vya kitabu cha propela husika. Baada ya tupa tumia msasa, kila hatua ulio laini kuliko uliotangulia, mpaka alama zote za tupa zipotee, kwa sababu alama hizo nazo ni mikato. Chunguza kwa kioo cha kukuza mara 10 au kwa rangi ya kupenya nyufa, kisha rudisha tabaka la kinga na rangi. Ukilazimika kufupisha ncha ya panga moja, yote hufupishwa sawa.

Ufa haurekebishwi kamwe. Panga lililopinda pia usiligonge kwa nyundo wala kulinyoosha ukiwa uwanjani. Liende karakana ya propela.

Kujua kama mapanga yanafuata njia moja hakuhitaji mashine. Toa plagi moja kwenye kila silinda ili injini izunguke kwa wepesi, weka kitu kizito kisichosogea karibu na ncha ya panga, tia alama, kisha leta panga linalofuata mahali hapo. Kwa propela ya metali ya ndege ndogo, yenye kipenyo cha hadi futi 6, tofauti isizidi inchi 1/16, yaani takriban milimita 1.6. Kwa propela ya mbao isizidi inchi 1/8. Ikizidi, kagua kwanza bolti na uchafu kwenye sehemu ya kufungia kabla ya kulilaumu panga.

Mbao hunywa unyevu na kukauka, hivyo bolti zake hulegea zenyewe. Kagua jinsi zilivyokazwa baada ya safari ya kwanza, tena baada ya saa 25, halafu angalau kila saa 50. Iegeshe ikiwa imelala mlalo, ili unyevu usikusanyike kwenye panga moja. Panga la mchanganyiko wa nyuzi ligonge taratibu kwa sarafu: sauti kavu na kali ni nzuri, sauti iliyozimika inaonyesha tabaka zimeachana.

Kwenye propela zinazobadili pembe ya mapanga, kosa linaloonekana mara nyingi ni grisi nyingi kupita kiasi. Kwa aina nyingi za mtengenezaji Hartzell, kila panga lina vinywa viwili vya grisi: toa kimoja, sindika polepole kwa bomba la mkono kupitia kingine, na uache kusindika grisi inapotokea upande wa pili au ukifika takriban mililita 30, lolote litakalotangulia. Usipokifungua kinywa cha pili, presha itaisukuma sili nje. Usichanganye aina mbili za grisi. Baadhi ya propela za mtengenezaji McCauley hujazwa mafuta yenye rangi nyekundu. Ukiyaona nje kwenye kitovu, ndege isiruke mpaka ijulikane kama yamevuja kwenye sili au kwenye ufa.

Mwisho kuna kipima mizunguko, ambacho mafundi wengi wapya hawakihesabu kuwa sehemu ya propela. Baadhi ya propela haziruhusiwi kukaa kwenye mizunguko fulani kwa sababu ya mtetemo. Kipima kikikosea, rubani atakaa humo kwa saa nyingi akidhani yuko salama. Kilinganishe na kifaa cha kupima kwa mwanga kwenye mizunguko kadhaa, na tofauti utakazozikuta ziandike kwenye kitabu cha kumbukumbu.