Division One ya pointi 9, kishoka wa laki tatu na kitanda cha hosteli

SWALI: Habari mtaalamu. Kijana wangu kasoma PCM, ana Division One ya pointi 9: Kemia A, Hisabati D, Fizikia D. Aliomba uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, dirisha la kwanza akaachwa. Mtoto wa jirani mwenye Division Two kachukuliwa kozi hiyohiyo! Kuna bwana anasema tukimpa laki tatu atamwingiza dirisha la pili na kumshikia kitanda Hosteli za Magufuli. Tumpe? (Mzazi, Kahama)

JIBU: Mzee wangu, usimpe hata mia.

Hakuna aliyeonewa hapo. Pointi za NECTA (Baraza la Mitihani) na pointi za udahili wa chuo ni vitu viwili, tena vinakwenda kinyume. NECTA A ni 1 na E ni 5, kwa hiyo anayetafutwa ni mwenye pointi chache. Kwenye udahili A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na anayetafutwa ni mwenye nyingi. Halafu zinahesabiwa za masomo mawili tu yanayofungua kozi. Kwa uhandisi wa umeme ni Hisabati na Fizikia, kwa hiyo kijana wako ana 2 na 2, jumla 4, yaani amegusa sakafu. Ile A ya Kemia iliyompa Division One haikuingia kabisa kwenye hesabu. Sasa chukua mtu mwenye Hisabati B, Fizikia C na Kemia E. NECTA wanampa pointi 10, Division Two, lakini kwa uhandisi ana 7. Kiwango cha chini kinakuruhusu kuomba tu. Nafasi wanagawana wenye pointi za juu mpaka ziishe.

Dirisha la pili asing'ang'anie chuo kimoja. Aombe na MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, na DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, na kozi ambazo Kemia ni mojawapo ya masomo mawili ya kuingilia; kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kinazionyesha.

Sasa huyo kishoka, huyo dalali wa laki tatu. Nimekaa dawati la udahili miaka mingi na watu hawa wananichosha kuliko foleni ya usajili. Biashara yao ni rahisi: anachukua pesa kwa watu kumi, hafanyi lolote, anakaa kusubiri majina. Wanne wanachaguliwa kwa pointi zao wenyewe, na hao ndio wanaomtangaza mtaani, "yule jamaa ana mtu ndani." Sita waliobaki anawaambia mtandao ulisumbua, au anazima simu. Na huyo mtu wa ndani angefanya nini? Chuo kikishachagua, orodha inapelekwa TCU kuhakikiwa kabla ya kutangazwa.

Kitanda nacho ni hivyohivyo. Hosteli za Magufuli zilifunguliwa mwaka 2017, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, na chuo kina wanafunzi mara kadhaa ya hao. Ndiyo maana kuna kubebana, wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu. Chumba kinaombwa kwenye akaunti ya mwanafunzi na kulipiwa kwa kontrol namba, si kwa namba ya simu ya mtu. Niliwahi kumpokea binti na begi lake na godoro, ameshika risiti ya karatasi ya daftari iliyogongwa muhuri wa kuchonga, chumba kipo kwenye bloku ambayo haijawahi kujengwa. Alilala wiki mbili kwa mwenzake. Andaeni pia pesa ya wiki za mwanzo. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, halimsubiri mtu getini.

Kuna hasara nyingine ambayo wazazi hawaioni. Kishoka, hata yule kijana wa steshenari asiye na nia mbaya, akijaza fomu huweka namba yake ya simu na baruapepe yake. Mwombaji akichaguliwa vyuo viwili au zaidi anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa msimbo unaotumwa kwenye simu ile. Msimbo unaingia kwa kishoka, naye anaupandishia bei. Muda ukipita, nafasi imekwenda.

Kwa hiyo jioni ya leo mwulize kijana: fomu ina namba ya nani? Kama si yake, aende ofisi ya udahili ya chuo ibadilishwe kabla majina hayajatoka.