Dar mpaka Guangzhou: usiulize kilomita tu, uliza utatua saa ngapi

Kila Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, China, ikikaribia, yaani Aprili na Oktoba, wenzangu wa Kariakoo wananiuliza swali lilelile, China ni mbali kiasi gani na ndege inachukua masaa mangapi. Jibu la harakaharaka, mstari ulionyooka toka Dar mpaka Guangzhou ni kama kilomita 8,700, na ndege ya Air Tanzania aina ya Dreamliner ikienda moja kwa moja inakaa hewani kama masaa 10 na nusu hivi. Sasa namba hiyo peke yake haikupangii safari.

Wengi wetu tunapita Addis au Dubai. Kwa Addis unapanda kwanza kaskazini kama kilomita 1,760 ndo unakata kwenda mashariki, kwa Dubai unaruka karibu 4,000 halafu nyingine 5,800, na ukijumlisha, kila njia inagonga kwenye 9,800 huko. Yaani umeongeza kilomita 1,100 tu, kwa ndege kubwa ni saa moja na kitu. Muda unaliwa na kusubiri, kwa hiyo kabla hujalipa angalia jumla ya safari imeandikwaje maana tiketi ya bei chee mara nyingi inakulaza airport. Mimi transiti ya masaa 2 mpaka 4 ndo naiamini, chini ya hapo ndege ya kwanza ikichelewa kidogo umeachwa. Na chondechonde usiunganishe kwa tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, ukiachwa hapo ile ndege ya pili huna cha kuidai, na mabegi unaweza kutakiwa uyachukue mwenyewe uanze upya.

Haya, saa. Guangzhou wako mbele yetu masaa 5, na tiketi siku zote inaandika saa ya mji husika. Chukua mfano unaondoka Dar saa 4 asubuhi, ongeza 10 na nusu, kwa saa ya Dar ni saa 2 na nusu usiku, ongeza 5 za kwao, unatua saa 7 na nusu usiku na tarehe imeshageuka, ndo ile +1 ndogo pembeni kwenye tiketi. Hapo hoteli unatakiwa ubuku kuanzia ile siku unayoondoka Dar, la sivyo unafika na mabegi usiku wa manane chumba hakuna.

Kurudi inageuka. Ndege inapambana na upepo wa juu unaotoka magharibi kwa hiyo inachelewa zaidi, tuseme masaa 11, ila ukiondoka saa 8 usiku unatua Dar saa 2 asubuhi ileile. Saa ya ukutani inasema 6, mwili unajua ni 11, usipange kufungua duka siku hiyo.

Kitu kinachowaumiza watu kuliko vyote ni tiketi ya 00:30, yaani saa 6 na nusu usiku. Jirani yangu wa duka ilimwacha hiyohiyo. Ikiandikwa tarehe 15 saa 00:30 maana yake unakuwa airport tarehe 14 saa 3 usiku, na foleni ya Nyerere Road uipigie hesabu yake. Dereva mwambie hivyohivyo, usiku wa kuamkia tarehe 15.