Maswali ya Wasomaji: Tunaisomaje The Crucible?

Wasomaji kadhaa wametuuliza kuhusu The Crucible, tamthilia ya Arthur Miller inayohusu kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, mwaka 1692. Haya ndiyo tuliyoyachagua.

SWALI: Wahusika ni wengi mno. Nikifika Sehemu ya Tatu nimeshasahau nani alimtuhumu nani. Nifanyeje?

JIBU: Usihangaike kukariri orodha ya wahusika. Chora safu nne kwenye karatasi: anayetuhumu, anayetuhumiwa, ushahidi uliotolewa, na faida anayoipata mwenye kutuhumu. Kila tuhuma mpya ikitokea, ijaze papo hapo.

Safu ya nne ndiyo itakayokufungua macho. Tituba, mtumwa aliyetoka Barbados, kwanza anakana. Anatishiwa kuchapwa hadi kufa, anasikia anatakiwa kunyongwa, ndipo anakiri, na swali linalofuata ni moja tu: ulimwona nani mwingine na Shetani? Abigail, msichana anayeishi na mjomba wake, mchungaji Parris, anayaona yote hayo. Anaona kwamba aliyekiri na kutaja wenzake amegeuka ghafla kuwa mtu wa kubembelezwa, naye anaanza kutaja majina. Thomas Putnam faida yake ni ardhi: mkulima mzee Giles Corey anaieleza mahakama kuwa Putnam amemchochea binti yake amtuhumu George Jacobs, kwa sababu Jacobs akinyongwa shamba lake litataifishwa, na hakuna mwingine pale mwenye fedha za kulinunua. Mke wa Putnam, Ann, amezika watoto saba na anataka apatikane wa kubebeshwa lawama. Ukifika mwisho wa Sehemu ya Pili karatasi yako itakuonyesha kwamba hofu ya Shetani ipo kweli kijijini, lakini imepandiwa na chuki za mipaka ya mashamba, wivu na misiba ya zamani.

SWALI: Kwa nini Elizabeth Proctor anadanganya mahakamani, wakati ukweli ungemwokoa mumewe?

JIBU: Hapa ndipo tunapowasihi wanafunzi wasome polepole, maana tamthilia nzima inageukia hapa. John Proctor amekiri mbele ya hakimu Danforth kwamba alizini na Abigail, ili ionekane kuwa binti huyo ana kisasi. Ameapa pia kwamba mkewe hajawahi kusema uongo. Danforth anamwita Elizabeth, anaamuru Proctor na Abigail wampe mgongo, kisha anamwuliza kwa nini alimfukuza Abigail kazi. Elizabeth hajui mumewe ameshasema nini. Anajaribu kumtazama, anazuiwa. Anasitasita, anazungukazunguka, na swali linapokuja waziwazi, je, mumeo ni mzinzi, anajibu hapana. Anatolewa nje, na anapofika mlangoni ndipo Proctor anapiga kelele kwamba ameshakiri.

Kosa tunalolikuta mara kwa mara katika insha ni kuishia kusema Elizabeth alidanganya kwa mapenzi. Ni kweli, lakini haitoshi. Rudi Sehemu ya Pili, mchungaji Hale, mtaalamu wa uchawi aliyeitwa kijijini, anapomtaka Proctor azitaje Amri Kumi. Anaisahau moja, ile ya uzinzi, na mkewe ndiye anayemkumbusha. Nyumbani Elizabeth aliitamka dhambi hiyo kwa upole. Mahakamani anaificha, na mahakama inapokea uongo wake kwa haraka kuliko ilivyowahi kupokea ukweli wa mtu yeyote. Weka matukio hayo mawili pamoja, kisha uangalie maelekezo ya jukwaa: nani anamtazama nani, nani kageuzwa mgongo. Mwanafunzi anayenukuu maneno peke yake hukosa nusu ya ushahidi.

SWALI: Mwalimu wetu anasema tamthilia hii inamhusu Seneta McCarthy, mwanasiasa wa Marekani aliyewasaka Wakomunisti miaka ya 1950. Nimeandika hivyo nikapata alama chache.

JIBU: Huenda uliandika historia ya Marekani ukaiacha tamthilia pembeni. Tarehe zenyewe nazo huwapoteza wengi. Igizo lilifunguliwa New York Januari 1953, wakati msako wa Wakomunisti umepamba moto. Miller aliitwa kuhojiwa mwaka 1956, kwa hiyo haiwezekani kuwa aliandika kuhusu mahojiano yake. Waliomwita pia hawakuwa McCarthy. McCarthy alikuwa Seneti. Iliyomhoji Miller ni kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyochunguza shughuli zilizoitwa za kupinga Umarekani. Alikataa kutaja majina ya wenzake, akatiwa hatiani mwaka 1957 kwa kulidharau Bunge, na hukumu ikatenguliwa mwaka 1958.

Ulinganisho wako uthibitishe ndani ya maandishi. Katika Sehemu ya Kwanza, Hale anapoingia, Miller anasimamisha mazungumzo na kuandika kurasa za maelezo ambamo anazungumzia Ukomunisti kwa jina. Wengi huziruka kurasa hizo kwa kuwa si mazungumzo ya wahusika. Kisha nenda Sehemu ya Tatu, Danforth anaposema kwamba mtu ama yu pamoja na mahakama ama anahesabiwa kuwa adui yake. Maliza na Sehemu ya Nne: Proctor yuko tayari kukiri uongo ili aishi, ila anakataa kutaja wengine, na karatasi aliyoisaini anaichana kwa sababu itabandikwa mlangoni mwa kanisa. Jiulize kwa nini Danforth anaihitaji hiyo karatasi wakati tayari amesikia kwa masikio yake. Jibu liko kurasa chache nyuma: Abigail ametoroka na fedha za Parris, zimefika habari za uasi dhidi ya mahakama katika mji jirani wa Andover, na watu wameanza kutilia shaka hukumu. Mahakama inahitaji jina la mtu anayeheshimika.

SWALI: Naweza kuitumia kama kitabu cha historia?

JIBU: Hapana, na Miller mwenyewe anatahadharisha mwanzoni mwa kitabu. Abigail halisi alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, na Proctor alikuwa na takriban 60. Mapenzi yao ni ya jukwaani. Majaji walikuwa kadhaa, na aliyewaongoza ni William Stoughton, si Danforth. Rebecca Nurse, ambaye kwenye tamthilia anapelekwa kunyongwa pamoja na Proctor, alinyongwa Julai 19 na Proctor Agosti 19, si siku moja. Na tafadhali, usiandike kwamba walichomwa moto: 19 walinyongwa, na Giles Corey alikufa kwa kugandamizwa na mawe kwa kukataa kujibu mashtaka.

SWALI: Toleo la rafiki yangu lina onyesho la Proctor na Abigail msituni, langu halina. Lipi ni sahihi?

JIBU: Yote mawili. Baadhi ya matoleo hulichapa kama nyongeza, na maigizo mengi huliacha. Ukilitumia kwenye insha, taja kwamba ni nyongeza.