Niliitwa tapeli kwa sababu ya picha moja

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wangu mmoja. Anauza viatu mtandaoni, mwezi wa nne sasa. Kaandika: "Dada, watu wanalaiki, wanauliza bei, halafu kimya. Wenzangu wananiambia nishushe bei. Nishushe?" Chini yake kaambatanisha picha kumi na moja.

Nikaanza kuzifungua nikiwa nimelala. Ya tatu nikakaa. Ya sita nikawasha taa. Zilikuwa mbaya kwa namna ninayoijua kabisa: kiatu cheusi juu ya shuka la maua, balbu ya njano kichwani, na kivuli cha mkono ulioshika simu kimelala juu ya kisigino. Kiatu kizuri tu, mshono umenyooka, lakini ungeambiwa kimeokotwa ungekubali.

Nikamjibu usishushe. Kisha nikaona maelezo yenyewe hayatatosha kwenye inboksi, acha niyaandike hapa, maana najua mko wengi mnaotaka hii biashara iwalishe na sio iwe ya kupitishia muda. Na nina deni la kusimulia kisa ambacho sijawahi kukisimulia chote.

Mimi nauza mikoba, wengi mnanijua hivyo. Mwanzoni kabisa niliwahi kuingiza mzigo wa mikoba kumi na miwili, mitano kati yake rangi ya damu ya mzee. Ngozi nzito, bitana safi, zipu inateleza kama imepakwa mafuta. Nilivyokuwa na haraka sikungoja hata kupambazuke. Saa nne usiku nikautandaza mmoja kitandani, juu ya blanketi la kahawia iliyokoza, nikapiga. Picha ikatoka imepoa kidogo. Nikaongeza mwangaza, nikatia filta, ikawaka! Nikaposti: mpya, imebaki mitano, wahi.

Nusu saa haikupita dada mmoja akalipia. Hakuuliza rangi. Aulize ya nini na rangi anaiona?

Mzigo ukamfikia siku ya tatu. Mchana simu ikaita. "Dada, mimi nimeagiza mwekundu. Huu ni damu ya mzee."

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi ya pale kwenye picha. Badala ya kusema pole, nikamwambia ni mwanga tu dada yangu, mkoba ndio huohuo. Akanieleza ana viatu vyekundu vya sherehe ya Jumamosi na aliununua uendane navyo. Nikamwambia vitaendana tu. Eti vitaendana! Jioni nikakuta picha mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu kwenye kundi lenye maelfu ya watu: ya kwangu, na aliyopiga yeye akiwa amesimama mlangoni kwake mchana kweupe. Juu yake neno moja kwa herufi kubwa. TAPELI.

Nikamrudishia pesa yake yote usiku uleule. Watu watatu waliokuwa wameshaweka oda wakaghairi. Wiki nzima sikuposti kitu. Mpaka leo nikiandika haya tumbo linanisokota kidogo, kwa sababu sijawahi kula pesa ya mtu na wala sikukusudia. Ila nikizitazama zile picha mbili sasa hivi, ningekuwa yeye na mimi ningeandika. Labda sio kwa herufi kubwa.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa ni nini hasa kilitokea kwenye ile picha, na nikishaeleza hili nusu ya ushauri wangu imeisha.

Kamera ya simu haijui kwamba mkoba wako ni mweusi, mweupe au damu ya mzee. Inapima mwanga unaoingia, basi, na imetengenezwa kudhani kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake utapata kijivu cha katikati. Sasa ielekeze kwenye kitu cheusi kilichojaza picha. Inasema hapa pana giza, inaongeza mwanga, na cheusi chako kinatoka kimepauka. Ielekeze kwenye blauzi nyeupe juu ya shuka jeupe. Inasema mwanga umezidi, inapunguza, na blauzi inatoka kama imefuliwa pamoja na soksi. Na damu ya mzee ni nini kama sio nyekundu iliyotiwa giza? Ukiliondoa giza unabaki na nyekundu. Blanketi langu lilikuwa jeusijeusi, mkoba umekoza, kwa hiyo simu ikaongeza mwanga mara ya kwanza. Mimi nikaja nikaongeza mara ya pili kwa kidole changu mwenyewe, nikaiona nzuri, nikafurahi.

Juu ya hapo kulikuwa na balbu. Mwanga una joto lake la rangi, hupimwa kwa Kelvini: balbu ya njano ni kama 2700, mwanga wa mchana ni kama 5500. Namba ikiwa ndogo mwanga unaelemea njano na nyekundu, ikiwa kubwa unaelemea buluu. Simu hujitahidi kusawazisha yenyewe ili cheupe kibaki cheupe, lakini kwenye picha ile hapakuwa na cheupe hata cha kulamba. Blanketi kahawia, mkoba mwekundu, balbu njano. Ikabahatisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Gusa skrini pale penye bidhaa. Kwenye simu nyingi itatokea alama ya jua au mstari wa kutelezesha. Kama bidhaa imekoza, teleza chini. Kama ni nyeupe, teleza juu, mpaka unachokiona kwenye skrini kifanane na kilicho mbele yako. Ukishikilia kidole badala ya kugusa, simu nyingi hufunga kipimo hapohapo na hakichezi tena. Ukimaliza, chukua bidhaa yenyewe uishike kando ya skrini, mchana, uangalie kimoja na kingine. Usiiamini kumbukumbu yako. Mimi huwa natoka nayo hadi nje, majirani wameshazoea kuniona nimesimama na mkoba mkono huu na simu mkono huu nikikunja uso.

Na uhame kitandani. Meza kando ya dirisha, taa ya chumba ikiwa imezimwa. Wengi mnaiacha inawaka mkidhani mwanga ukizidi ndio vizuri, kumbe upande mmoja wa bidhaa unapata buluu ya dirisha na upande wa pili njano ya balbu, na hakuna programu itakayokuja kuzitenganisha vizuri. Jua lisipige moja kwa moja kwenye bidhaa. Likipiga, tundika pazia jeupe jepesi: dirisha zima linageuka kuwa taa moja kubwa, na taa ikiwa kubwa kuliko kitu kivuli kinakuwa laini. Mwanga uingie kwa ubavu, hapo ndipo mshono na vinyweleo vya ngozi vinaonekana. Upande wa pili, ule wenye kivuli, simamisha karatasi ya manila nyeupe irudishe mwanga. Mwanzo niliiegemeza kwenye chupa ya maji, na mpaka leo inaegemea chupa ya maji.

Mtaniuliza kuhusu taa ya duara. Nilinunua. Niliiwasha mbele ya mkoba wa ngozi ya kung'aa na kila mkoba ukatoka na pete nyeupe katikati kama jicho la samaki. Kwa uso wa mtu ni nzuri. Kwa vitu vinavyong'aa inajipiga picha yenyewe. Sasa hivi natundikia taulo.

Kung'aa kwenyewe ni mtihani wake. Kichuma cha kufungia mkoba ni kioo. Niliwahi kuposti picha, nikaipenda, ikakaa siku mbili, ndipo rafiki yangu akanipigia akicheka hawezi kusema: ukiivuta ile picha, ndani ya kile kichuma naonekana mimi mzima na taulo kichwani. Siku hizi navaa nguo ya rangi moja, nasimama pembeni kidogo badala ya mbele, na kabla ya kuposti navuta picha mpaka mwisho, pembe zote nne.

Mengine ni ya haraka. Futa lenzi. Kabla ya kila kikao, kwa kitambaa laini, kwa sababu simu yako imeshinda kwenye mkono na mfuko, na ule ukungu mnaoulalamikia ni mafuta ya vidole. Usiisogeze simu karibu kabisa na bidhaa, maana lenzi ya kawaida ya simu ni pana na kilicho karibu nayo kinavimba. Kiatu kinakuwa na pua kubwa na kisigino kidogo. Rudi nyuma hatua mbili, tumia lenzi ya 2x, ile inayovuta karibu, kama simu yako inayo, na ile ya 0.5, iliyo pana zaidi, iache kabisa. Ukiwa huna stendi, lundo la vitabu linatosha, na weka saa ya sekunde tatu ili usiitikise simu kwa kubonyeza. Picha itume kwa HD kwenye WhatsApp, au itume kama faili, kwa sababu ikitumwa kawaida inabanwa.

Ukubwa, hapana, hapa lazima nisimame. Mkoba peke yake juu ya karatasi nyeupe hauna ukubwa. Unaweza kuwa wa kubebea laptopu, unaweza kuwa wa kutia sarafu. Nimewahi kurudishiwa miwili kwa sababu hiyo tu, na wote walisema neno moja: "Nilidhani." Sasa kila mkoba nauingizia karatasi ya A4 nusu ikichungulia, kwa sababu A4 ni sentimita 21 kwa 29.7 popote utakapoikuta na karibu kila mtu ameshaishika. Halafu picha nyingine umevaliwa begani. Halafu vipimo naviandika vilevile, maana wapo wasiosoma picha kama walivyo wasiosoma maandishi.

Mandharinyuma nyeupe mnaipenda kwa sababu mmeona wakubwa wanafanya. Ni kweli, Amazon huwataka wauzaji picha kuu iwe na weupe mtupu nyuma na bidhaa ijaze angalau asilimia 85 ya picha. Wana sababu zao, wana bidhaa za watu wengi kwenye ukurasa mmoja. Wewe kwenye ukurasa wako kinachotakiwa ni bidhaa isigombane na maua ya shuka. Nyeupe, kijivu, ubao mkavu, chochote kilichotulia. Ila usikate mandharinyuma kwa programu ukaacha mkanda wa mkoba umeliwa nusu. Mteja anaona. Akiona umekata kona hapo, anajiuliza ni wapi pengine umekata.

Na ndugu zangu, acheni kuchukua picha za watu. Nalisema hili nikiwa nimekasirika kwa sababu picha zangu, zile zenye chupa ya maji inayochungulia pembeni, nimezikuta kwenye kurasa nne tofauti, moja ikiuza mkoba ambao hata si wa ngozi. Unaposti picha ya mkoba usionao, mteja atapokea mkoba ulionao. Hapo hakuna mwanga wa kusingizia. Vilevile mkwaruzo. Kama upo, upige picha kwa karibu, uuweke wa tatu au wa nne, uandike upo wapi. Nilipoanza kuonyesha mikwaruzo nilidhani nitalala njaa. Mwezi uliopita mikoba arobaini imeisha siku mbili, bei ileile, na mkoba wenye mkwaruzo chini ya mfuko ulikuwa wa sita kuondoka. Aliyeununua aliniandikia kwamba ameutafuta ule mkwaruzo kwa dakika nzima ndipo akauona.

Yule msomaji wa viatu amerudia picha zake jana asubuhi, dirishani, shuka la maua limeondoka. Cheusi ni cheusi. Kivuli cha mkono bado kipo, lakini sasa kiko sakafuni. Nimemwambia asogee kushoto.

Na yule dada wa mkoba mwekundu bado ananifuata. Hakuwahi kuniondoa, mimi pia sikumwondoa. Wiki iliyopita nimepata tena mzigo wa damu ya mzee, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nimepiga saa tatu asubuhi, picha tano, moja nimeweka mkoba kando ya kitambaa chekundu kabisa ili tofauti ionekane. Nikaandika: hii SIO nyekundu. Kwenye orodha ya walioiangalia stetasi, jina lake lilikuwa la pili kutoka juu. Ameziangalia zote tano. Hajaandika kitu.